Mtandao ukikatika, kazi ya mkaaji isipotee

Ilikuwa siku ya posho, katika siberi moja ya Bukavu, miaka michache iliyopita. Mdogo wangu alikuwa amekaa mbele ya kompyuta tangu saa nane ya mchana. Alikuwa anajaza fomu ya kuomba bursi ya masomo: majina, shule, matokeo ya diploma ya Serikali, kazi ya wazazi, kiisha barua mbili ndefu, moja ya kueleza maisha yake na nyingine ya kueleza juu ya nini anataka kusoma. Barua hizo mbili zilimchukua karibu saa mbili. Aliandika, akafuta, akaandika tena, na mara kwa mara alinipigia telefone kuniuliza namna ya kusema neno hili ao lile kwa Kifaransa. Saa kumi na moja kasoro kidogo, umeme ukakatika.

Kijana mwenye kusimamia siberi aliwasha jenereta. Kompyuta ikarudi, tovuti ikafunguka, lakini fomu ilikuwa tupu. Hata jina lake halikuwamo tena. «Pole, yaya, inapashwa kuanza mwanzo», kijana yule alimwambia, na alisema hivyo kama mtu mwenye kulisema neno hilo kila siku. Siberi ilikuwa inafunga saa kumi na mbili kwa sababu ya usalama, na tarehe ya mwisho ya kutuma maombi ilikuwa usiku ule ule. Mdogo wangu alirudi nyumbani bila kutuma kitu. Waliokuwa wanachagua wanafunzi hawakumkataa, kwa maana hawakujua hata kama yuko.

Kila msomaji wa gazeti hili ana hadithi yake ya namna hiyo. Mwingine alipoteza maombi ya kazi, mwingine fomu ya kuandikisha mtoto shuleni, mwingine alilipa mara mbili kwa kuwa hakujua kama malipo ya kwanza yalipita. Tukisimulia mambo hayo, tunalaumu umeme na tunalaumu kampuni za mtandao. Tuna haki ya kulaumu. Lakini kuna mtu wa tatu ambaye hatumtaji kamwe, naye ni yule aliyetengeneza tovuti. Umeme ulizima kompyuta, ni kweli. Ila barua mbili za mdogo wangu zilipotea kwa sababu mtu fulani alitengeneza fomu ndefu na hakujiuliza swali moja: mtandao ukikatika hapa katikati, kitu gani kitabaki?

Gazeti hili linaona kwamba swali hilo linapashwa kuwa la kwanza, si la mwisho, kwa kila tovuti inayotengenezwa kwa ajili ya wakaaji wa mashariki mwa inchi yetu. Jibu lake linajulikana kwa miaka mingi sasa. Halihitaji mashine ya bei kali wala mtaalamu kutoka Ulaya.

Mtandao ulizaliwa bila kumbukumbu

Ili kuelewa tatizo, tuanze na namna mtandao wenyewe ulivyotengenezwa. Tim Berners-Lee alipopendekeza Web mwaka 1989, akifanya kazi katika kituo cha CERN huko Uswisi, alitaka watafiti waweze kusoma hati za wenzao kwa urahisi. Kusoma hati hakuhitaji kumbukumbu. Unaomba ukurasa, seva inakupa, kiisha inakusahau. Ukirudi baada ya dakika moja kuomba ukurasa wa pili, kwake wewe ni mgeni mpya. Ni kama kununua kwa muuza duka anayesahau sura yako kila unapogeuza mgongo: unamwambia unataka chumvi, anakupa, unaongeza kwamba unataka na sabuni, naye anakuuliza wewe ni nani.

Namna hiyo ilifaa kwa kusoma, lakini haikufaa kwa kununua, kujaza ao kulipa. Mwaka 1994, Lou Montulli, mfanyakazi wa kampuni ya Netscape huko Marekani, alitengeneza kitu kinachoitwa kuki. Ni karatasi ndogo sana ambayo seva inampa msomaji aishike, na kila anaporudi anaionyesha. Sababu ya kuitengeneza ilikuwa kapu la mnunuzi: vitu ambavyo mtu amechagua visisahaulike kabla hajalipa. Kwa hiyo tangu mwaka wa 1994 watengenezaji wanajua kwamba kazi ya mtu ambayo bado haijamalizika inapashwa kuwekwa mahali fulani. Jambo hilo lina zaidi ya miaka 30.

Lakini kuki ni ndogo. Inabeba kama kilobaiti 4 tu, na tena inasafiri kwenda kwenye seva kila mara ukurasa unapoombwa. Kwa mtu anayenunua mega za franka 500, kila kitu kinachosafiri bure ni feza yake. Kuki inafaa kushika namba ya kukutambua. Barua ya kurasa mbili haiwezi kukaa ndani yake.

Kabati ndani ya telefone yako

Ndiyo maana vivinjari, yaani Chrome, Firefox, Safari na vingine, viliongezewa nafasi kubwa zaidi ya kuweka vitu. Ya kwanza inaitwa localStorage. Tuseme ni droo ndani ya telefone ao kompyuta ya msomaji mwenyewe. Kila tovuti ina droo yake, na tovuti nyingine haiwezi kuifungua. Droo hiyo inachukua kama megabaiti 5 za maandishi. Barua zote ambazo mdogo wangu aliandika siku ile hazikufika hata sehemu moja ya mia ya nafasi hiyo. Mtengenezaji alihitaji mistari michache tu ya kodi: kila mtu anapoandika, maneno yanaingia katika droo, ukurasa unapofunguka tena, maneno yanatolewa na kurudishwa mahali pake. Umeme ukikatika, maneno yanabaki, kwa sababu yamewekwa kwenye diski ya mashine na hayakukaa tu katika kichwa cha ukurasa.

Ya pili inaitwa IndexedDB. Hiyo si droo tena, ni kabati kamili lenye rafu, na inaweza kushika picha, hati zilizopigwa picha na orodha ndefu. Tangu mwaka 2015 ni kanuni rasmi ya W3C, shirika linalopanga sheria za Web. Muuguzi anayepiga picha ya karatasi ya mgonjwa, ao mwandishi wa habari anayerudi na picha 20 kutoka Kalehe, anaweza kuziweka humo na kungoja mtandao.

Ya tatu ni programu ndogo inayokaa kati ya ukurasa na mtandao. Watengenezaji wanaiita sevisi-woka. Kazi yake ni kama ile ya mlinzi wa mlango: ombi likitoka, analipokea kwanza yeye. Mtandao ukiwapo, analipitisha. Mtandao usipokuwapo, anatoa nakala ya ukurasa aliyoiweka akiba tangu mara ya mwisho, na kile mtu anachotaka kutuma anakiweka katika foleni. Kwa hiyo tovuti iliyotembelewa mara moja inaweza kufunguka tena hata kama telefone haina mtandao kabisa. Kwenye Chrome ya Android, ile foleni inaweza hata kutumwa yenyewe mtandao unaporudi. Kwenye vivinjari vingine, mtu anapashwa kufungua ukurasa tena ndipo itumwe. Tofauti hiyo ni ndogo sana ukiilinganisha na kupoteza kila kitu.

Wengine watasema hayo ni mambo ya inchi tajiri. Hapana. Yanatumika hapa kwetu kila siku. Vijana wengi wa Bunia, Beni, Goma na Uvira wamefanya kazi ya kukusanya habari kwa ajili ya mashirika ya misaada wakitumia KoboToolbox, iliyozaliwa kwa watafiti wa Harvard, ao ODK, iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani. Mkusanyaji anaingia kijijini ambako hakuna hata baa moja ya mtandao, anajaza fomu za jamaa 30, kiisha jioni akifika mahali penye mtandao anazituma zote. Wizara ya Afya ya inchi yetu nayo inatumia DHIS2, programu iliyoanzia katika Chuo Kikuu cha Oslo, na sehemu yake ya telefone imetengenezwa ili ifanye kazi bila mtandao.

Tujiulize basi: inawezekana namna gani kwamba fomu ya kuhesabu vyandarua vya mbu haipoteki hata kilomita 40 ndani ya msitu, lakini fomu ya kijana anayeomba kusoma inapotea katikati ya mji? Jibu ni kwamba wenye kutengeneza ile ya kwanza walikubali tangu mwanzo kwamba mtandao utakatika. Wenye kutengeneza ile ya pili walijaribu kazi yao katika ofisi yenye umeme na mtandao mzuri, wakaona inafanya kazi, wakalipwa.

Kukatika ndiyo kawaida yetu

Hapa kwetu kukatika kwa mtandao si ajali. Ni hali ya kila juma. Kuna umeme unaokwenda na kurudi. Kuna mega zinazoisha katikati ya kazi. Kuna nguzo ya kampuni ya telefone inayozimika kwa kukosa mafuta ya jenereta. Kuna vita. Kuna pia maamuzi ya viongozi: baada ya uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2018, mtandao ulizimwa katika inchi nzima kwa karibu majuma matatu. Na kuna mambo ambayo hakuna mtu anayeyaamuru: mwezi wa 8 mwaka 2023, poromoko la matope chini ya bahari, karibu na mahali ambako mto Kongo unaingia baharini, lilikata kebo mbili zinazopita pwani ya Afrika ya magharibi, na moja kati ya hizo ni WACS, ile inayotua Muanda.

Mtu anayejenga nyumba Bukavu anajua kwamba mvua itanyesha na kilima kinaweza kuteleza. Akijenga bila mfereji, majirani watamlaumu yeye kabla ya kulaumu mvua. Kwa tovuti pia tuwe na hukumu ile ile.

Kosa lingine liko upande wa seva, na wengi hawalijui. Unapoingia kwenye tovuti kwa jina lako na neno la siri, seva inakufungulia kikao, yaani inakumbuka kwa muda kwamba wewe ndiwe. Katika PHP, lugha inayotumika kwa tovuti nyingi duniani, muda uliowekwa tangu mwanzo ni sekunde 1440, maana yake dakika 24. Ukikaa zaidi ya hapo bila kutuma kitu, seva ina ruhusa ya kukusahau. Sasa fikiria mama anayeandika kwa kidole kimoja kwenye telefone ndogo, ao kijana anayetafuta maneno ya Kifaransa katika kamusi. Dakika 24 zinapita haraka. Anafinya kitufe cha kutuma, na tovuti inamjibu kwamba kikao kimeisha, aingie tena. Akiingia, fomu ni tupu. Hapo umeme haukukatika, wala mtandao. Ni namba moja tu ambayo mtengenezaji hakuibadilisha, na hakuweka njia ya kurudisha maneno.

Dawa yake ni rahisi. Fomu ndefu igawanywe katika sehemu, na kila sehemu iwekwe kwenye seva mara inapomalizika. Mtu apewe namba ya kurudia, ili akesho aendelee alipoishia, hata kwenye kompyuta nyingine. Na hati kubwa, kama diploma iliyopigwa picha, itumwe kwa vipande: mtandao ukikatika kwenye kipande cha saba, mashine iendelee na cha saba, isirudi kwenye cha kwanza.

Kutuma mara mbili, kulipa mara mbili

Kuna hatari nyingine inayokuja pamoja na dawa hizi. Mtandao unapokatika baada ya mtu kufinya kitufe, hajui kama ombi lake lilifika ao halikufika. Atafanya nini? Atafinya tena. Kama lilikuwa ombi la kazi, jina lake litaonekana mara mbili, na hilo si baya sana. Kama ilikuwa feza ya shule, atakuwa amelipa mara mbili, na kurudishiwa feza hiyo kutamgharimu juma nzima la kusimama kwenye milango ya ofisi.

Watengenezaji wa mifumo ya malipo walikwisha kupata jibu. Ukurasa unatunga namba moja ya pekee kabla ya kutuma, na namba hiyo inaandamana na ombi. Ombi likifika mara ya pili likiwa na namba ile ile, seva inasema: hili nimekwisha kulishughulikia, jibu lake ni hili. Mtu anaweza kufinya mara kumi, feza itatoka mara moja. Na ndani ya hifadhi ya data yenyewe kuna sheria nyingine ya zamani, inayoitwa transaksio: ama mambo yote yanafanyika, ama hakuna linalofanyika. Haiwezekani feza itoke kwa mama na isiingie shuleni kwa sababu umeme ulikatika katikati. Programu za hifadhi ya data zisizolipiwa hata senti moja, kama PostgreSQL na SQLite, zina sheria hiyo ndani yake. Kutoitumia ni uvivu tu.

Mwisho wa safari ya data ni akiba. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tunaongeza kwamba daftari moja halitoshi. Usiku wa tarehe 10 mwezi wa 3 mwaka 2021, moto uliteketeza jengo la seva la kampuni OVH katika mji wa Strasbourg, Ufaransa. Tovuti nyingi sana zilizimika, na kati ya wenye tovuti kulikuwa waliogundua asubuhi kwamba nakala zao za akiba zilikuwa mahali pale pale penye moto. Kanuni ambayo mafundi wanafundishana ni ya namba tatu: nakala 3, katika vyombo 2 tofauti, na moja iwe mbali, mahali pengine kabisa. Shule, hospitali na ofisi ya serikali za majimbo yetu ambazo zinaweka majina ya maelfu ya watu kwenye kompyuta moja tu, chini ya meza moja, zijifunze kutoka moto ule kabla hazijapata wa kwao.

Kuweka bila kulinda ni hatari

Tuseme ukweli wote. Kuweka maneno ya mtu katika mashine kunaweza pia kumdhuru. Mdogo wangu alikuwa kwenye siberi. Kama fomu ingeweka barua zake katika droo ya kompyuta ile, anayekaa kwenye kiti kile nyuma yake angeweza kuzisoma, pamoja na jina la baba, avenue ya nyumbani na namba ya telefone. Hapa mashariki, ambako telefone moja inatumiwa na jamaa nzima, na ambako mtu anaweza kulazimishwa kuifungua mbele ya mwenye silaha barabarani, hilo si jambo la kuchekea. Mwanamke aliyejaza fomu ya kueleza ubakaji, ao mkaaji aliyeandika majina ya waliochoma kijiji chake, anaweza kufa kwa sababu ya rasimu iliyobaki katika telefone.

Kwa hiyo atakayeweka akumbuke mambo haya. Aulize kwanza: mashine hii ni yako peke yako? Mtu akijibu hapana, rasimu isibaki katika mashine, ikae kwenye seva na ifunguliwe kwa namba ya siri. Fomu ikiisha kutumwa, droo ifutwe mara moja. Kuwe na kitufe kinachoonekana vizuri cha kufuta rasimu, kwa lugha ambayo mtu anaelewa. Neno la siri lisiwekwe kamwe katika droo. Na namba ya kikao ikae katika kuki iliyofungwa, ile ambayo kodi mbaya iliyoingizwa kwenye ukurasa haiwezi kuisoma, si katika localStorage ambako kodi yoyote ya ukurasa inasoma.

Tena mtengenezaji asidhani kwamba droo ile ni ya milele. Tangu mwaka 2020, Safari inafuta yale ambayo ukurasa umeweka kama mtu amepitisha siku 7 za kutumia kivinjari hicho bila kurudi kugusa tovuti ile. Mtu akifungua dirisha la siri, kila kitu kinafutwa anapolifunga. Na telefone ikijaa, kivinjari chenyewe kinaweza kuondoa vitu. Droo ya telefone ni mahali pa kupumzikia njiani, na safari inaishia kwenye seva. Ukurasa wa kweli unamwambia mtu kwa neno wazi: «imewekwa katika telefone yako, bado haijatumwa», ao «imefika, namba yako ni hii». Kumwonyesha alama ya kijani wakati hakuna kitu kilichofika ni kumdanganya.

Juu ya haya yote, inchi yetu ina sheria. Kodi ya Numeriki ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023 inasema juu ya ulinzi wa data za watu. Wenye kuagiza tovuti wengi hawajaifungua hata mara moja. Waifungue.

Nani afanye nini

Tunajua jibu la watengenezaji vijana wa Goma, Bukavu na Lubumbashi, kwa maana tumewasikia: mteja halipi kwa ajili ya mambo hayo. Mteja anataka picha inayozunguka juu ya ukurasa, rangi za shirika lake na ujumbe wa mkurugenzi. Feza ni kidogo, muda ni mfupi. Malalamiko hayo ni ya kweli kwa sehemu. Lakini fundi wa magari hangojei mteja aombe breki. Na kuweka rasimu ya fomu katika droo ya kivinjari ni kazi ya nusu siku kwa anayejua kazi yake. Kama fundi hajui, basi vyuo vikuu vyetu vina swali la kujibu, kwa sababu vinafundisha wanafunzi kutengeneza kurasa zinazojaribiwa ndani ya chumba chenye mtandao, na mwalimu anatoa pointi bila hata kuvuta waya.

Tunawaomba wenye kuagiza, yaani vyuo, mashirika, ofisi za serikali na kampuni, waandike sharti moja katika mkataba: tovuti itapokelewa baada ya kujaribiwa bila mtandao. Jaribio lenyewe halihitaji mhandisi. Mkurugenzi achukue telefone ya bei ndogo, aanze kujaza fomu, afike katikati, azime mtandao, azime na telefone yenyewe. Aiwashe. Kama maneno yake yapo, akubali kazi. Kama hayapo, asilipe kipande cha mwisho cha feza. Kiisha ajaribu kufinya kitufe cha kutuma mara tatu na aone kama anapokelewa mara moja ao mara tatu. Dakika 15 zinatosha.

Wenye kuweka tarehe za mwisho nao wafikiri. Fomu inayofungwa saa sita ya usiku wa siku ya yenga, katika mji ambako siberi zinafungwa saa kumi na mbili, imekwisha kuchagua watu kabla ya kusoma barua hata moja. Imechagua wale wenye kompyuta nyumbani na jua juu ya paa.

Na wewe msomaji, wakati bado unangoja tovuti nzuri, jilinde. Usiandike barua ndefu moja kwa moja ndani ya fomu. Iandike kwanza katika sehemu ya maandishi ya telefone yako, ao ujitumie mwenyewe kama ujumbe, kiisha uinakili. Ukiwa kwenye siberi, usiruhusu kivinjari kuweka neno lako la siri, na ufute historia kabla ya kuondoka. Ukituma, piga picha ya ukurasa unaosema imefika, na uandike ile namba. Ukilipa na mtandao ukakatika, angalia kwanza baki ya feza yako kabla ya kufinya tena.

Mashauri hayo tunayatoa kwa uchungu, kwa sababu ni sawa na kumwambia mpitaji ajifunze kuruka shimo ambalo mwingine alilipwa kulifunika. Mdogo wangu amekwisha kujifunza. Sasa anaandika kila kitu katika daftari la karatasi kabla ya kwenda siberi, na anakwenda siku tatu kabla ya tarehe. Mwaka uliofuata aliomba tena bursi ile ile, lakini umri uliokubaliwa alikuwa amekwisha kuupita kwa miezi miwili.